Mzee asirudi kwao kabebwa: namna ya kuanzisha utembezaji wa wagonjwa wodini

Mzee anaingia hospitali kwa miguu yake, ana homa ya mapafu. Siku ya nane homa imekwisha, naye anatoka kabebwa mgongoni na mwanawe. Katika kazi yangu ya fiziotherapia (tiba ya viungo) hapa Pemba nimeliona hilo mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Kilichomlemaza ni kitanda. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee wazima wa afya waliojitolea kulala siku 10: kwa wastani walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Na hao hawakuwa na homa.

Huko huko Marekani, hospitali za wanajeshi wastaafu zina programu iitwayo STRIDE. Mgonjwa mzee hupimwa mwendo wake ndani ya saa 24 tangu alazwe, kisha msaidizi aliyefunzwa humtembeza kila siku, hadi dakika 20. Basi. Kazi ni kuwafanya watu wa wodi waendelee nayo hata siku ambayo wewe hupo.

Hatua ya 1: Usianze na semina

Mimi nilianza na semina. Slaidi, soda, sambusa, na fomu ya kurasa nne. Nikapigiwa makofi. Wiki tatu baadaye nikapita wodi ile, nikakuta fomu zangu zimefunika ndoo ya maji. Sikuwalaumu: usiku muuguzi ni mmoja, vitanda vimejaa, nami nimemwongezea kurasa nne!

Chagua wodi moja. Kaa na inchaji wake, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, zamu nzima, umsaidie kutandika, uone kazi inavyokwenda. Utaona mwenyewe pa kupenyeza: wakati wa kubadilisha mashuka, mgonjwa ameshainuliwa tayari.

Hatua ya 2: Swali moja anapolazwa

"Kabla hujaugua, ulikuwa unakwenda msalani mwenyewe?" Jibu liandikwe juu ya faili. Aliyesema ndiyo, lengo lenu ni arudi hapo.

Hatua ya 3: Presha kabla ya miguu

Pima presha amelala, kisha akisimama dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, au akisema anaona kizunguzungu, mkalishe na umwambie daktari. Asiinuliwe aliyekatazwa na daktari, mwenye mfupa uliovunjika ambao haujatengenezwa, mwenye maumivu ya kifua, wala anayehema ilhali amekaa tu.

Hatua ya 4: Mfunze muuguzaji

Sisi hatuna msaidizi wa kutembeza, lakini kila kitanda kina binti, mkaza mwana au mjukuu anayeuguza. Tatizo ni mapenzi yao. "Mama, lala, usijichoshe." Ukimbishia binti mbele ya watu umeshampoteza. Mimi humgeukia mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Ukipata nafuu, cha kwanza wataka kwenda wapi?"

"Msalani, nikatawadhe mwenyewe. Nimechoka kumwagiwa maji kama maiti."

Binti aliinamisha uso. Tangu hapo sikuwa na haja ya kumshawishi.

Kisha mwonyeshe kwa mikono, usimhubirie. Mgonjwa akae ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili sakafuni, apumue kwanza. Kanga ipandishwe juu ya vifundo. Ndara zilizolika zivuliwe, huangusha watu. Muuguzaji asimame upande dhaifu, nyuma kidogo, mkono kiunoni. Mwenye kiharusi asivutwe kabisa kwa mkono uliopooza, bega lake huteguka upesi. Mwache binti afanye mara mbili wewe ukitazama. Siku ya kwanza dirishani yatosha.

Hatua ya 5: Karatasi moja mlangoni

Fomu ya kurasa nne ikawa karatasi moja: namba za vitanda upande, siku juu, asubuhi na jioni. Katika kisanduku, D ni dirishani, M mlangoni, S msalani. Anayejaza ni aliyemwona mgonjwa akienda, hata akiwa mfanya usafi. Wakati wa kukabidhiana zamu inchaji aisome kwa sauti pamoja na dawa na dripu. Isiposomwa hapo, itarudi kufunika ndoo.

Kila wiki tazameni visanduku vitupu, mwulizane sababu bila kutafuta mchawi. Wodi moja ilikuwa haina alama hata moja ya jioni. Nilidhani ni uvivu. Mfanya usafi ndiye aliyetwambia: sakafu ya kwenda msalani hupigwa deki saa kumi, na wagonjwa wanaogopa kuteleza. Deki ikahamishiwa saa nane, wagonjwa wakiwa wamelala baada ya chakula. Wiki iliyofuata S za jioni zilikuwa tano.