Kabla ya Kutabiri Siku ya Vilima: Mambo ya Kuangalia Kwanza

Hapa Mwanga, Kigoma, ligi za mpira zikishalala mwezi wa Julai, mwenye banda umiza hutukubalia tuangalie mbio za baiskeli, hasa Tour de France, ile ya Ufaransa. Kila mmoja wetu anaandika kwenye kikaratasi jina la mshindi na namna atakavyoshinda, vikaratasi vinawekwa chini ya kreti, na aliyekosea kuliko wote ananunua soda. Nimenunua soda nyingi. Ninayoyaeleza hapa nimeyalipia.

Mbio hizo hugawanywa kwa hatua, kila hatua ni safari ya siku moja yenye mshindi wake. Hatua ya milima mirefu haina fumbo kubwa: wembamba wanaojua kupanda watabaki peke yao. Hatua ya tambarare nayo ni ya masprinta, wenye kasi ya mita 200 za mwisho. Tabu iko kwenye siku ya vilima, ambapo miinuko ni mifupi mno kumtenga mpandaji halisi na mingi mno kumwacha sprinta mzito afike salama. Siku hiyo kila timu inaamka na hesabu yake, na ndiyo hesabu ya kutafuta kabla hujaandika jina.

Anza na mchoro wa mwinuko, ule unaoonyesha njia inavyopanda na kushuka, ila usome ukitokea mwisho kurudi mwanzo. Watu huhesabu vilima vyote, wakikuta kumi wanasema leo kazi ipo. Swali lenye faida ni moja: kutoka kilele cha mwisho hadi mstari wa kumalizia pana kilomita ngapi? Kama mstari uko juu ya kilima chenyewe, kama pale Mûr-de-Bretagne, Ufaransa, kwenye mwinuko wa kilomita 2 wenye wastani wa karibu asilimia 7, vigogo hufika wakiwa bado wengi na mwenye mlipuko mfupi anachukua. Mathieu van der Poel alishinda pale mwaka 2021, Tadej Pogačar mwaka 2025. Lakini kilele kikiwa kilomita 15 kabla ya mwisho, kisha barabara ikanyooka, aliyechomoka peke yake ana nafasi ya kukamatwa, na hapo unarudi kuuliza nani atamfukuza.

Asilimia zisikutishe. Asilimia 8 maana yake kila ukienda mita 100 umepanda mita 8. Kwenye asilimia 3 au 4 kundi linapanda kwa kasi, na aliye nyuma ya mwenzake bado anakingwa na upepo. Ikifika 9 au 10 mwendo unashuka, kujikinga nyuma ya mwenzako hakukusaidii tena, kila mtu anabeba uzito wake. Ndipo watu huachana.

Ila jifunze na pale mwinuko unapodanganya. Barabara ya kutoka stesheni kuja huku juu ina wazee wanaosukuma baiskeli zenye madumu mawili ya mawese, lita 20 kila upande. Siku moja nilimpa pole mmoja wao aliyesimama kupumua, nikamwambia, "Shikamoo mzee, pole, kilima kimeisha hiki." Akacheka. "Marahaba mwanangu. Kilima hakijanichosha. Hapa mbele ndipo panapochosha, macho yanasema pamelala na miguu inakataa." Tangu siku hiyo nautazama mchoro kwa jicho lake. Mashambulizi mengi mazuri hayatokei kwenye ukali wa kilima. Yanatokea kile kilele kinapovukwa, wenzio wanapotaka kuvuta pumzi moja, na barabara bado inapanda kidogo kidogo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Usiulize kwanza nani ana nguvu. Uliza nani atakubali kukata upepo. Ukiendesha kutoka hapa kwenda Ujiji upepo ukiwa mbele, unajua mwenyewe: aliye nyuma ya gurudumu la mwenzake anapiga soga, aliye mbele hata kujibu hawezi. Kwenye mbio ni hivyohivyo, tena kwa kasi kubwa zaidi. Kundi kuu haliwafukuzi waliochomoka kwa hasira. Linawafukuza pale timu fulani inapowatoa wasaidizi wake wakavute, na hakuna timu inayotoa wasaidizi bure.

Kwa hiyo nenda na msimamo wa jumla mkononi, yaani muda wa kila mmoja wa hatua zote ukijumlishwa, timu kwa timu. Mwenye jezi ya njano, yaani anayeongoza msimamo huo, anataka kubaki nayo leo, au angefurahi mtu asiye tishio akimtua mzigo kwa siku chache? Kuna sprinta anayeweza kuvumilia vilima hivi, mtu wa aina ya Biniam Girmay, yule Mwaeritrea aliyeshinda hatua tatu na kutwaa jezi ya kijani, ile ya pointi, mwaka 2024? Kama yupo, timu yake itavuta. Kuna timu ambayo haijashinda chochote? Hiyo itapeleka mtu mbele. Na sekunde za zawadi zinazopunguzwa kwenye muda wa mtu, 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza, zinamfaa nani kati ya wanaogombea jumla?

Hapa ndipo nilipolipa soda ya uchungu. Tour de France ya 2025, hatua ya sita, kutoka Bayeux hadi Vire, vilima mwanzo mwisho. Pogačar alikuwa ameshinda hatua ya Rouen siku mbili kabla, na amevaa njano. Nikaandika jina lake bila kufikiri. Timu yake haikuona sababu ya kujichosha siku ile. Ben Healy alikuwa miongoni mwa waliochomoka, akawaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita 42, akamaliza peke yake. Van der Poel, aliyekuwa naye kwenye kundi lile la mbele, akaichukua jezi ya njano kwa sekunde 1. Nguvu za Pogačar zilikuwepo. Haja ya kuzitumia ndiyo haikuwepo.

Mbio za siku moja zina hesabu nyingine, kwa kuwa hakuna kesho ya kuitunzia miguu. Ubingwa wa dunia ulipokuja Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza Afrika, wanaume walikuwa na kilomita 267.5 za kupanda na kushuka. Pogačar alianzisha moto kwenye Mlima Kigali, zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Walianza watu 165, wakamaliza 30, na mshindi akawa yeye. Kwa mbio za hivyo andika jina la mwenye nguvu tu, usijisumbue.

Yaliyobaki ni ya kupitia haraka. Angalia hatua ya kesho: ikiwa ni milima mikubwa, vigogo watajificha leo. Angalia kilomita za mwanzo pia. Hatua ikianza na kilima, watakaochomoka ni wenye miguu kweli, na kuwakamata si kazi ndogo. Mvua na njia nyembamba huwafaa walio mbele, kwa sababu kundi kubwa linanyooka kama kamba na wa mwisho hawajui kinachoendelea.

Na saa. Ufaransa wakati wa kiangazi wako nyuma yetu saa moja, kwa hiyo hatua nyingi huanza kwetu saa saba au saa nane mchana na kuisha kuelekea saa kumi na mbili na nusu jioni. Sisi tunafunga vikaratasi dakika kumi kabla ya kuanza. Aliyechelewa haruhusiwi kuandika, hata akisema alikuwa kwenye foleni ya dagaa.