Jinsi ya kuomba malezi ya upadre ukiwa Tabora au Kigoma

Fomu ya kuomba upadre haipo. Unachoomba kwanza ni kupokelewa kwenye malezi. Upadre wenyewe utauomba baadaye sana, kwa barua nyingine, ukiwa umeshakaa seminarini miaka. Kati ya barua hizo mbili Kanisa linakupima na wewe unajipima. Hakuna mwenye haki ya kudai daraja takatifu, hata awe amemaliza kidato cha sita na divisheni wani ya pointi tatu.

Mwongozo huu ni wa kijana Mkatoliki anayetaka kuwa padre wa jimbo. Waanglikana na Wamoraviani nimewawekea maneno machache mbele.

Kwanza, ijue kazi unayoiomba

Wengi wanamwona padre Jumapili asubuhi, amevaa kasula, kwaya inaimba. Hiyo ni sehemu ndogo. Paroko wa Kibondo au Sikonge ana vigango, yaani makanisa madogo ya parokia, vya kuzungukia kwa pikipiki masika na kiangazi, ana maungamo, mpako wa wagonjwa, mazishi, kesi za ndoa, mradi wa zahanati au shule unaomtafuta kila asubuhi, na vitabu vya parokia vya kujaza: ubatizo, ndoa, vifo. Anasali masifu kila siku, awe amechoka asiwe amechoka. Haoi. Na anaahidi utii kwa askofu wake na kwa waandamizi wa askofu huyo, maana yake leo yuko Nzega na barua ya uhamisho ikija anafunga mizigo kwenda Urambo.

Hapo pia uamue: jimbo au shirika? Padre wa jimbo anaahidi useja na utii, haweki nadhiri ya ufukara. Anaweza kumiliki mali, ila anatakiwa kuishi kwa kiasi. Mtawa anaweka nadhiri tatu na anatumwa popote. Ukivutiwa na Wamisionari wa Afrika, hao tunaowaita Mapadre Weupe waliofika Ujiji mwaka 1879, ombi lako haliendi kwa askofu wa jimbo. Linaenda kwa shirika lenyewe, na usitegemee kupangwa Kigoma. Usiombe sehemu mbili kwa siri. Wanaosimamia miito wanafahamiana.

Anza kuonekana

Barua itakayokubeba kuliko zote ni ya paroko, na paroko hawezi kumwandikia mtu asiyemjua. Kwa hiyo kabla ya karatasi yoyote, uwe unasali kwenye jumuiya yako, mwenyekiti akujue kwa jina, katekista wa kigango akujue, uwe umetumikia altareni au umefanya kazi na TYCS (chama cha wanafunzi Wakatoliki) shuleni au VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) parokiani. Kijana anayeibuka mwezi wa saba na bahasha mkononi huku jumuiya haijamwona tangu Pasaka anajichelewesha mwenyewe. Kisha mwombe paroko nafasi ya kuzungumza, mwambie nia yako, naye atakuunganisha na mkurugenzi wa miito wa jimbo. Huyo ndiye mwenye tarehe za semina za miito, za usaili na za mwisho wa kupokea maombi, na tarehe hizo hubadilika mwaka hadi mwaka.

Milango ni miwili. Aliyemaliza darasa la saba anafanya mtihani wa kuingia seminari ndogo, yaani sekondari ya malezi ya Kanisa: Itaga kwa Jimbo Kuu la Tabora, Iterambogo kwa Jimbo la Kigoma. Aliyesoma shule nyingine anaweza kuomba akishamaliza kidato cha sita. Kusoma seminari ndogo hakukupi tiketi ya seminari kuu, ile ya falsafa na teolojia. Wapo wanaotoka Itaga wakawa wahandisi, na hakuna aliyewalaumu.

Vyeti

Hapa ndipo maombi mengi hukwama, na hukwama kwa mambo ya kijinga kabisa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 241, inataka mwombaji alete uthibitisho wa ubatizo na kipaimara. Jimbo litaongeza cheti cha kuzaliwa, matokeo ya shule na vyeti vya kumaliza, cheti cha ndoa ya Kanisa ya wazazi kama ipo, barua ya jumuiya na kigango, barua ya paroko, majibu ya vipimo vya hospitali, na picha ndogo.

Cheti cha ubatizo kisiwe kile kilichokunjwa mara nne kwenye kabati la mama tangu ulipopata komunyo ya kwanza. Kinatakiwa kipya, kilichonakiliwa karibuni kutoka kitabu cha parokia uliyobatizwa. Sababu ni hii: pembeni mwa jina lako kitabuni huandikwa kila jambo linalobadilisha hali yako kanisani, kipaimara, ndoa, nadhiri za daima. Anayekisoma cheti kipya anajua leo hii wewe ni nani. Cha zamani kinamwambia tu ulikuwa nani ukiwa mtoto.

Kama unaishi Tabora mjini na ulibatizwa Kasulu, nenda Kasulu au umwombe paroko wako aandike. Ukifika ofisini, mpe karani mwaka wa ubatizo, jina la baba, la mama na la msimamizi. Atafungua kitabu, atashusha kidole mstari kwa mstari mpaka akupate na namba yako. Usipojua mwaka, jiandae kukaa kwenye benchi.

Jina ndilo tatizo kubwa. Kitabuni umeandikwa Petro Hamisi, cheti cha mtihani kinasema Peter H. Juma, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu. Usisahihishe mwenyewe kwa kalamu. Cheti cha kuzaliwa kinashughulikiwa kwa utaratibu wa RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo), tofauti za majina huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, na kitabu cha ubatizo kinaguswa na Kanisa lenyewe, kwa ushahidi. Anza mapema. Wenye asili ya Burundi waliokulia Ulyankulu waanze mapema zaidi: wazazi wengi walibatizwa ng'ambo, vitabu viko huko au havipo, na karatasi za uraia wa mwaka 2014 wakati mwingine zina tahajia tofauti na za parokia. Kitabu kisipopatikana, ubatizo unaweza kuthibitishwa kwa tamko la shahidi mmoja asiye na shaka, au kwa kiapo chako mwenyewe kama ulibatizwa ukiwa mtu mzima. Ni kanuni ya 876. Mkumbushe karani kwa upole.

Mambo ambayo watu wanaogopa kuyauliza

Wazazi hawakufunga ndoa kanisani? Sheria ya zamani ya mwaka 1917 ilimhesabu mtoto wa nje ya ndoa kuwa na kasoro ya kuzuia daraja. Ile ya 1983 imeiondoa. Andika ukweli, endelea.

Umebatizwa juzi? Tabora na Ujiji ni miji yenye Waislamu wengi na wapo vijana wanaoingia Ukristo wakiwa wakubwa. Kanuni ya 1042 inamzuia mwongofu mpya mpaka askofu aone amepimwa vya kutosha. Hapo unaambiwa usubiri, hujafukuzwa.

Una mtoto? Mtoto hayumo kwenye orodha ya vizuizi vya sheria. Lakini una wajibu wa kumlea, na jimbo litauliza nani analipa ada yake. Sema siku ya kwanza. Kikija kujulikana mwaka wa tatu wa teolojia, kitakachokuondoa ni uongo.

Mwenye mke hapewi upadre katika Kanisa letu la Kilatini. Mjane anaweza kuomba. Aliyeua kwa kukusudia, au aliyeshiriki utoaji mimba uliofanikiwa, na hapa anaingia hata kijana aliyempa msichana hela akaitoe, ana kizuizi ambacho ruhusa yake hutolewa na Roma, askofu hawezi. Kuna pia magonjwa ya akili yanayopimwa na wataalamu. Na aliyewahi kuachishwa seminari au shirika lingine lazima alete barua ya mkuu wa huko ikieleza kwa nini aliondoka.

Barua yenyewe

Iandike kwa mkono, ukurasa mmoja, ipitie kwa paroko. Angalia anwani: wa Kigoma anamwandikia Mhashamu Askofu, wa Tabora anamwandikia Mwadhama, kwa kuwa Askofu Mkuu Protase Rugambwa ni kardinali tangu Septemba 2023. (Naye ni mtu wa ukanda huu kwa kazi: alikuwa askofu wa Kigoma kuanzia 2008 hadi 2012.) Mfano:

*YAH: OMBI LA KUPOKELEWA KATIKA MALEZI YA UPADRE*

*Mhashamu Askofu, Tumsifu Yesu Kristo.*

*Mimi ni kijana wa miaka 20, muumini wa Kigango cha …, Parokia ya …. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Kwa hiari yangu naomba kupokelewa katika malezi ya upadre wa jimbo letu. Nimekuwa mtumishi wa altare tangu …. Nia hii nimezungumza na paroko na wazazi wangu. Naambatanisha vyeti vyangu.*

Inatosha. Usisimulie ndoto uliyoota, usinakili maneno ya mtakatifu kutoka simu yako. Wazazi hawakubaliani? Andika hivyo hivyo. Na kama ni wao wanaokusukuma, jua kwamba kanuni ya 1026 inakataza kabisa kumlazimisha mtu apokee daraja.

Hakuna "ada ya kufanikisha maombi" inayotumwa kwa simu. Anayekuomba hiyo ni tapeli, hata kama anakuita "mwanangu katika Kristo". Michango ya kweli utaelezwa na jimbo kwa barua. Sehemu kubwa ya gharama za seminari kuu hubebwa na majimbo, waamini, na Shirika la Kipapa la Mtume Petro.

Baada ya hapo kuna usaili, na huenda padre akapita nyumbani kwenu bila taarifa ndefu. Atazungumza na majirani. Usiwafundishe cha kusema.

Miaka ya seminari, kwa kifupi

Malezi ya awali, kwa kawaida mwaka mmoja, yasizidi miwili. Falsafa, kwa mfano Ntungamo au Kibosho. Mwaka wa uchungaji parokiani. Teolojia: Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, iliyofunguliwa 1925, au Segerea, au Peramiho. Usishangae kijana wa Kigoma akipelekwa Peramiho huku Kipalapala ikiwa karibu na kwao. Anayepanga ni askofu. Kanuni ya 250 inadai angalau miaka sita ya masomo, miwili ya falsafa na minne ya teolojia. Ukiongeza malezi ya awali na mwaka wa uchungaji unakaribia tisa. Kila mwaka walezi wanaandika ripoti yako. Ukiitwa na gambera, yaani mkuu wa seminari, nje ya ratiba, nenda umenyooka.

Ombi la pili

Ukishapokea huduma za usomaji na utumishi wa altare, na miezi sita kupita tangu hiyo ya pili, unaweza kuomba ushemasi. Umri usipungue miaka 23, na mwaka wa tano wa masomo uwe umekwisha. Unaandika kwa mkono na kutia saini tamko kwamba unaomba kwa hiari na utajitoa kwa huduma hii maisha yako yote. Bila hilo askofu hakugusi. Jina lako linaweza kutangazwa makanisani ili mwenye pingamizi aseme. Kisha mafungo ya angalau siku tano, ahadi ya useja hadharani, na unawekewa mikono.

Shemasi anabatiza, anahubiri, anasimamia ndoa na mazishi. Haungamishi wala hatoi mpako wa wagonjwa. Wanakijiji wasiojua watakuomba, wakatalie. Miezi sita isipungue kabla ya upadre, na umri uwe umetimia miaka 25. Askofu anaweza kulegeza umri kwa mwaka mmoja tu. Zaidi ya hapo ni Roma.

Kama si Mkatoliki

Anglikana, wenye Dayosisi ya Tabora na ile ya Western Tanganyika yenye makao Kasulu, wana ngazi hizo hizo tatu za shemasi, kasisi na askofu, lakini mwenye mke anakaribishwa. Moraviani Jimbo la Magharibi, ambao kazi yao ilianzia Urambo mwishoni mwa karne ya 19, nao wanawaweka wachungaji wenye ndoa. Kwa wote wawili njia inaanzia usharikani au mtaani: mchungaji na baraza la wazee ndio wanaokupendekeza, ndipo uende chuo cha Biblia au cha teolojia. Ndoa yako itachunguzwa kama useja wa mwenzio Mkatoliki unavyochunguzwa, na mkeo ataulizwa pia.

Ukijibiwa hapana

Jibu linaweza kuja bila sababu, na kwa mwombaji wa malezi hakuna mahali pa kukata rufaa. Rudi kwa mkurugenzi wa miito uulize kitu kimoja tu: niombe tena mwakani, au nisiombe? Chukua vyeti vyako halisi, ubaki na nakala. Ukienda kuomba shirika au jimbo jingine baadaye, taja kwenye barua kwamba uliwahi kuomba kwenu na ukakataliwa, kwa sababu wataandika kuuliza.