Kukagua shamba la pwani kabla tingatinga halijaingia

Juzi nilimsaidia kijana aliyepewa kazi ya kukagua mambo ya kale kwenye shamba karibu na Mambrui, pwani ya Kenya. Mwenye shamba anataka kujenga nyumba za wageni. Njia tuliyofuata ni hii.

1. Leseni. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inaidai hata kama hutachimba, unatafuta tu juu ya ardhi. Anza mapema.

2. Wazee. Usiulize "kuna magofu hapa?" Utajibiwa hakuna, kwa sababu gofu kwao ni mji mzima wa mawe kama Gedi. Uliza jembe hugonga mawe wapi, na kisima cha zamani kilifukiwa wapi. Bibi mmoja alitupeleka moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa matumbawe chini ya mkwaju.

3. Ramani na GPS. Hapa soma polepole. Upande wa Lamu palinila siku nzima.

Ramani za zamani za 1:50,000 zimepimwa kwa Arc 1960, kipimo cha zamani cha kutajia mahali. GPS ya mkononi hutoka dukani ikiwa na WGS84, kipimo cha sasa cha dunia nzima. Namba zinafanana mno: zote mita, zote kanda ya 37 kusini (kanda ya ramani inayoshika pwani hii), huwezi kushuku kitu. Ukizitia namba za ramani kwenye GPS bila kuzigeuza, itakupeleka kama mita 300 kaskazini na karibu 100 magharibi ya unapopataka. Mimi ilinitia mikokoni, tope magotini, nikaapa kwamba msikiti ulioandikwa ramanini umeshabomolewa. Kumbe ulikuwa nyuma yetu, umefunikwa na kichaka tulichokipita asubuhi.

Kwa hiyo: kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ipe ramani ya zamani namba EPSG:21037 (ndiyo Arc 1960), na mradi wako EPSG:32737 (ndiyo WGS84). Programu ikikuuliza itumie mageuzi gani, chagua ya Kenya, kwani ya Tanzania yana tofauti yake. Usitoe 300 kwa kichwa. Tofauti haiko sawa kila mahali. Na ukikuta ripoti ya zamani isiyotaja kipimo chake, weka alama mbili, moja kwa kila kipimo, ukazifikie zote kwa miguu. Kabla ya kuanza kazi, simama kwenye kitu kisichohama, pembe ya msikiti au kisima, uone kama GPS inakubaliana na ramani.

Simu siitaki kwa kazi hii. Jua la saa saba husomi kioo.

4. Kutembea. Mistari ya mita 20, watu wanne. Tazama udongo mweusi, makome yaliyo mbali na ufuo, vipande vya chokaa. Kigae chenye mikato ya pembetatu kinaweza kuwa cha karne ya 7 hadi ya 10. Cha kijani kinachong'aa huenda kilitoka Uchina. Piga picha, kiache.

5. Mashimo ya majaribio. Kama leseni inaruhusu. Nusu mita kwa nusu mita, sentimita 10 kila tabaka, chekeche la milimita 5. Tumia mwiko wa fundi, si koleo. Ukiona mfupa wa mtu, simama, ita wazee na watu wa Makavazi ya Taifa.

6. Ripoti. Huambatana na tathmini ya mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira. Kijana aliandika "hakuna kitu upande wa mashariki". Nikamfutisha. Mashariki majani yalitufika kiunoni na ardhi hatukuiona, kwa hiyo aliandika kwamba hatukuiona, akalipaka eneo lile rangi ya kijivu ramanini.