Kuunganisha kompyuta na tivi na homu thieta: anza na tundu, waya baadaye

Watu wengi wakitaka kurusha picha ya kompyuta kwenye tivi kubwa wanakimbilia kununua waya wa bei mbaya, picha ikigoma wananunua mwingine wa bei mbaya zaidi. Uache waya kwanza. Picha inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye risiva (naongelea risiva ya sauti yenye spika zake, sio king'amuzi), inatoka tena inaenda kwenye tivi, na kila inapopita lazima hivyo vifaa vielewane, kimoja tu kikiwa hakijui 4K (ile picha kali ya tivi za kisasa) basi vyote vinashuka vinamfuata.

Hatua ya 1: jua tundu la kompyuta yako

HDMI ndo utaikuta sana, ipo tangu 2002 na inabeba picha na sauti pamoja, hapo hakuna stori. Kompyuta ya zamani inaweza kuwa na DVI ya 1999, lile pana lenye skrubu pembeni. DVI na HDMI zinatuma picha kwa namna moja kwa hiyo adapta ya kawaida inatosha, ila sauti usiitegemee, mara nyingi itabidi upitishe kwa waya wake.

DisplayPort inafanana na HDMI ila kona moja tu ndo imekatwa, ilitoka 2006. Hapa ndo watu wanapigwa. Ukiona alama ya DP (kifupi cha DisplayPort) na jumlisha mbili, hilo tundu linaweza kutoa picha ya HDMI kwa adapta rahisi, lakini adapta rahisi nyingi zinaishia 4K ya picha 30 kwa sekunde, ukitaka 60 tafuta adapta yenye chipu ya kubadilisha ndani. Na hiyo adapta haigeuki: kompyuta yenye HDMI kwenda skrini ya DisplayPort ni kifaa kingine kabisa, hata kama vichwa vyake vinaingia vizuri tu.

USB-C nayo, sio kila moja inatoa picha. Angalia kama pembeni kuna alama ya DP au ya radi, kama hakuna kitu soma kitabu cha kompyuta kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 2: namba za HDMI

HDMI 1.4 ya 2009 inapitisha gigabiti 10.2 za data kwa sekunde, 4K inaonyesha ila picha 30 tu kwa sekunde, utaona mshale wa mausi unajikokota. 2.0 ya 2013 ni gigabiti 18, hapo 4K inafika 60 na kwa sinema na kazi za kawaida imetosha kabisa. 2.1 ya 2017 inafika 48, hiyo ni ya wacheza gemu wanaotaka 4K ya 120. Usiamini "2.1" iliyoandikwa kwenye boksi peke yake manake vingi vya humo ndani ni hiari ya mtengenezaji, angalia kama wameandika 4K 120 na ni tundu lipi, tivi nyingi zinakuwa nalo moja au mawili tu.

Sasa ndo waya. Wa gigabiti 18 unaandikwa Premium High Speed, wa 48 ni Ultra High Speed na una lebo ya kuskani kwa simu. Dhahabu kwenye kichwa haiongezi rangi hata kidogo, hii ni dijitali bana, waya ukishindwa utaona vidoti vinametameta au skrini inazima na kuwaka. Ukizidi mita tano hivi kwa 4K fikiria waya wa nyuzi za mwanga, na huo una upande wa kompyuta na upande wa tivi, ukigeuza hupati kitu.

Hatua ya 3: nani akae katikati

Risiva ikiwa mpya, pitisha kila kitu kwake. Ikiwa ya zamani usiitupe, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye tivi afu sauti irudi kwenye risiva kwa tundu lililoandikwa ARC. ARC ya kawaida inabeba stereo na 5.1 (spika tano na ya besi moja) iliyobanwa, ukitaka Dolby TrueHD (sauti ya sinema isiyopunguzwa ubora) au 7.1 (spika saba na ya besi) ya kweli lazima tivi na risiva zote ziwe na eARC, yaani ARC iliyoboreshwa. Njia nyingine, kadi ya grafiki ikiwa na matundu mawili, moja lipeleke kwenye tivi lingine kwenye risiva kwa ajili ya sauti tu. Inafanya kazi, ila kompyuta itadhani una skrini mbili na mausi itakuwa inapotelea kule usikokuona.

Hatua ya 4: washa na uweke setingi

Washa tivi, kisha risiva, kompyuta iwe ya mwisho ili ikiwaka ikute wenzake tayari wa kujitambulisha. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na P uchague skrini. Kwenye tivi lipe hilo tundu jina la PC, kwa tivi nyingi maandishi yanatulia na kingo za picha hazikatwi tena. Tafuta pia setingi ya kufungua uwezo wote wa tundu, mara nyingi inakuja imezimwa, ndo maana mtu ana vifaa vyote vya 4K 60 na bado anapata 30.

Weusi ukiwa kama kijivu, kompyuta inatuma rangi za 16 mpaka 235 (namba za kutoka weusi mpaka weupe) wakati tivi inasubiri 0 mpaka 255. Sehemu za giza zikimezwa ni kinyume chake. Fananisha pande zote mbili. Sauti nayo ichague mwenyewe kwenye setingi za kompyuta, haihami kila mara.

Hatua ya 5: ikigoma

Skrini ya kawaida inaonekana lakini sinema ya kulipia inakuwa nyeusi? Hiyo ni HDCP, kinga ya kuzuia kunakili, na sinema za 4K kwa kawaida zinataka toleo 2.2 kwenye kila kifaa njiani. Itoe risiva, chomeka kompyuta kwenye tivi kwa waya mfupi. Ikionyesha, risiva ndo inayokwamisha, rudi hatua ya 3 utumie ARC. Isipoonyesha, jaribu tundu lingine la tivi kabla hujagusa kompyuta.