Kuharakisha ubao wa sataranji kwa popcnt, tzcnt na pext

Ubao una miraba 64, rejista ya prosesa ina biti 64. Popcnt, tzcnt na pext ni amri za prosesa: ya kwanza huhesabu biti zenye 1, ya pili hutafuta biti ya 1 iliyo chini kabisa, ya tatu huchomoa biti ulizochagua. Nachukulia tayari unahifadhi kila aina ya kete ndani ya `uint64_t` moja, a1 ikiwa biti 0 na h8 biti 63, na unaandika C++20.

1. Pima kwanza. Endesha perft (jaribio linalohesabu mifuatano yote halali ya hatua) ya kina cha 6 kuanzia mpangilio wa mwanzo, uandike muda. Jibu ni 119,060,324. Ukipata tofauti, achana na kasi, katafute kosa.

2. Hesabu na okota biti.

```
while (b) {
  int m = std::countr_zero(b); // mraba, kwa tzcnt
  b &= b - 1; // ifute biti hiyo
}
```

Kuhesabu kete ni `std::popcount(b)`. Usisahau kumpa kompaila `-mpopcnt` na `-mbmi`, ili atumie popcnt na tzcnt. Bila `-mpopcnt`, GCC huita kitendaji cha maktaba badala ya amri moja.

3. Ngome na askofu. Hapa ndipo penye utamu. Ngome iko d4. Barakoa yake ni miraba inayoweza kumzuia, kingo zikiachwa: d2, d3, b4, c4, e4, f4, g4, d5, d6, d7. Ni biti 10, kwa hiyo hali 1,024. Tuseme kuna kete b4 na d6. `_pext_u64(zote, barakoa)`, `zote` ikiwa kete zote ubaoni, huzichomoa biti hizo kumi na kuzipanga bega kwa bega: ukihesabu kutoka 0, b4 inaangukia nafasi ya 2, d6 nafasi ya 8. 4 + 256 = 260. Soma safu ya 260 ya jedwali la d4, mashambulizi yote yamo. Jedwali zima la ngome lina namba 102,400, la askofu 5,248. Malkia anaazima yote mawili.

4. Kabla ya kumpa mtu. Niliwahi kukompaili kwa `-march=native` (tumia kila amri ya mashine hii) nikamtumia rafiki; kwake programu ilizimika ikiandika "Illegal instruction". Sasa natengeneza matoleo mawili, lenye pext na lisilo nayo, na `__builtin_cpu_supports("bmi2")` inachagua (bmi2 ni kundi la amri lenye pext).

Ila hiyo haitoshi. AMD Zen ya kwanza na Zen 2 hujibu kwamba bmi2 ipo, na kweli ipo, lakini pext yao hupita kwenye maikrokodi (hatua ndogo nyingi ndani ya prosesa) na ni ya kobe. Zen 3 ya 2020 ndiyo iliyorekebisha. Kwa mashine hizo baki na njia ya zamani ya kuzidisha kwa namba maalumu na kusogeza biti, kisha rudia perft ya hatua ya 1 kwa matoleo yote mawili.