Jinsi ya Kupanga Vitu Kwenye Stoo ya Kukodi Ili Uvitoe Bila Kupangua Vyote

Watu wengi huijaza stoo ya kukodi kama wanavyojaza lori: wanasukuma vitu hadi nyuma, wanashindilia, wanafunga mlango. Tofauti ni kwamba lori hupakuliwa lote kwa mkupuo. Kwenye stoo, miezi mitatu baadaye utataka bahasha moja ya vyeti, nayo itakuwa nyuma ya kabati, chini ya godoro. Kwa hiyo pangilia ukifikiria siku ya kutoa, hata kama hilo litakulazimu kuacha sehemu ya chumba wazi.

Pima kabla ya kubeba

Pima urefu, upana na kimo cha chumba kwa futi kamba, kisha pima mlango. Mlango husahaulika, na ndiyo unaoamua kama sofa itaingia nzima au itang'olewa miguu kwanza. Angalia pia darini. Kama kuna vinyunyizio vya kuzimia moto, acha sentimita 45 kati ya kinyunyizio na kitu cha juu kabisa, la sivyo maji hayataweza kusambaa moto ukitokea.

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3. Mpango unaofaa mara nyingi ni maboksi upande mmoja, samani upande wa pili, na njia ya sentimita 60 katikati kutoka mlangoni hadi nyuma. Boksi la wastani lina sentimita 45 kwa 45 na kimo cha 40. Ukutani yanaingia sita kwa mstari, na ukipandisha manne manne unapata maboksi 24 yaliyokula sentimita 55 tu za upana, pamoja na sentimita 10 za hewa nyuma yake. Ukitoa na njia, samani zimebakiwa na mita 1.85. Chora mpango huu kwenye karatasi kabla gari halijafika. Wabebaji wakishaanza kuuliza "hiki kinakaa wapi?", hakuna tena nafasi ya kufikiri.

Sakafu na kuta

Zege hupitisha unyevu kutoka ardhini hata likionekana kavu, na boksi lililokaa juu yake hulainika kuanzia chini. Tandaza paleti, au laza mbao mbili sambamba na uweke plaiwudi juu yake, ili hewa ipite chini ya mzigo. Nailoni peke yake sakafuni haitoshi, kwa sababu maji yakiingia kwa mlangoni yatatuama juu yake.

Zile sentimita 10 za ukutani zisipunguzwe. Ukuta wa bati au chuma hupoa usiku, hewa yenye unyevu ikiugusa inageuka matone, na kitu kilichoegemea hapo kinalowa bila mvua kunyesha.

Maboksi

Tumia saizi mbili tu, wastani na dogo. Saizi zikiwa nyingi, mistari haikai sawa na mianya inazidi. Vitabu, vyuma na sahani viende kwenye madogo. Boksi likizidi kilo 15 hivi, atakayelishusha kutoka juu ya kichwa chake anajiweka hatarini.

Nguvu ya boksi iko kwenye pembe zake nne. Wengi hupishanisha, boksi la juu likikalia nusu ya hili na nusu ya lile, wakidhani ndiyo uimara. Kumbe hapo pembe za juu zinakandamiza katikati ya mifuniko ya chini, na baada ya wiki kadhaa mstari unaanza kuinama. Panga pembe juu ya pembe. Jaza kila boksi hadi juu kwa nguo au karatasi zilizofinyangwa, kwa sababu boksi lenye ombwe ndilo linalobonyea. Zito likae chini, jepesi juu.

Kitako kifungwe kwa selotepu pana ya sentimita 5: mkanda mmoja kwenye maungio ya katikati na mmoja kwenye kila ukingo, hadi utokee umbo la herufi H. Sahani zisimame kwa ukingo, kila moja ndani ya karatasi yake. Zikilazwa, ya chini inabeba uzito wa zote na mtikisiko mmoja unaipasua. Wino wa gazeti hushika kwenye vyombo vyeupe na vitambaa, hivyo karatasi ya kwanza kugusa chombo iwe tupu. Gazeti lije nje yake.

Andika kwa maka peni kwenye pande mbili za boksi, kamwe si juu ya mfuniko, kwani mfuniko utafunikwa na boksi jingine. Namba inatosha: 14, 15, 16. Yaliyomo yaandikwe kwenye orodha inayokaa kwenye simu, pamoja na picha ya boksi likiwa wazi. Hii ina faida ya pili: anayepita mlangoni haoni neno "laptopu".

Samani na vyombo vya umeme

Fungua kinachofunguka: miguu ya meza, vitanda, rafu. Skrubu na nati za kila kitu zitie kwenye mfuko mdogo na uufunge kwenye kitu chenyewe. Mfuko mmoja wa skrubu za nyumba nzima ni adhabu ya siku ya kurudisha.

Friji lizimwe na kuyeyushwa barafu saa 24 hadi 48 kabla, lifutwe hadi mipira ya mlango, kisha mlango ubaki wazi kidogo kwa kipande cha mbao. Ukifungwa, kuvu itaota ndani na harufu yake haitoki kirahisi. Lisafirishwe likiwa wima. Kama lililazwa, lisimamishe kwa siku nzima kabla ya kuliwasha, ili oili ya kompresa irudi mahali pake. Mashine ya kufulia imwagwe maji yote kwenye mipira, na bolti za kufungia pipa la ndani zirudishwe kabla ya safari. Betri zitoke kwenye rimoti na vifaa vyote, maana zikivuja zinakula chuma.

Magodoro na makochi ndiyo yanayoharibiwa kwa nia njema. Watu huyaviringisha kwa nailoni hadi yasipumue, na unyevu uliokuwa ndani unabaki humo humo. Yafunike kwa shuka kuukuu la pamba. Godoro lilale juu ya kitu tambarare na lisibebe chochote. Likisimamishwa kwa miezi linajikunja. Vioo na picha, kinyume chake, visimame daima. Nailoni ya viputo isiguse mbao yenye vanishi, kwani huacha alama za viputo, tanguliza kitambaa.

Kabati na droo ni nafasi ambayo umeshailipia, zitie mablanketi na mito. Nguo zifuliwe na zikauke kabisa, kwani jasho na mafuta huvutia nondo na mende.

Visivyoingia

Mitungi ya gesi, petroli, rangi za mafuta na chakula cha aina yoyote, hata mchele uliofungwa. Jenereta limwagwe mafuta kwanza. Wenye stoo huyakataza haya kwenye mkataba, na panya wakiingia kwa ajili ya mchele wako watatafuna pia makochi ya jirani.

Kuingiza

Anza na vya nyuma na vizito, malizia na vya mlangoni: vyeti, nguo za msimu ujao, bisibisi, ngazi ndogo. Tumia kufuli ambalo shakeli yake, yaani kile chuma kilichopinda, haijitokezi nje, ili mkasi wa kukatia chuma usipate pa kushika.

Rudi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Nusa kabla ya kugusa chochote, kwani harufu ya kuvu hutangulia doa. Angalia sakafu nyuma ya mistari, na kama umeweka kopo la kufyonza unyevu, mwaga maji yaliyokusanyika kabla halijafurika juu ya boksi. Ukitoa kitu, kifute kwenye orodha papo hapo, ukiwa bado mlangoni.