SOMO: Vitenzi vya kawaida vya Kiingereza, nyakati zote (soma kabla hujanifuata inboksi)

Wakuu, nimechoka. Kila wiki inboksi swali ni lile lile, "ni did work au did worked", nikimjibu huyu kesho anakuja mwingine, sasa naandika mara moja na atakayerudia nampa linki tu. Hapa ni vitenzi vya kawaida PEKEE, vile vinavyochukua -ed. Go, eat, write na wenzao ni ukoo mwingine, wale unakariri.

Hatua ya 1. Shika maumbo manne: cook, cooks, cooking, cooked. La tano hakuna. Sisi tunabadilisha kichwa cha neno (napika, nilipika, nitapika), wao wanabadilisha mkia, na kazi inayobaki wanaachiwa vitenzi visaidizi.

Hatua ya 2. Wakati uliopo: I cook, they cook. Mwenye s ni nafsi ya tatu umoja tu, she cooks.

Hatua ya 3. Ujao: will cook, nafsi zote. Imeisha hiyo.

Hatua ya 4. Uliopita: cooked, nafsi zote. Angalia tahajia tu: love inaongeza d (loved), study inageuza y (studied) ila play haigeuzi (played) kwa sababu kabla ya y kuna irabu, na vifupi kama stop na plan vinadabo herufi ya mwisho (stopped, planned).

Hatua ya 5. Kukanusha na kuuliza. HAPA TULIENI. Mimi niliwahi kutuma barua ya kuomba kazi nimeandika "I did not completed", tena kwa kujiamini kabisa, na rafiki yangu alipokuja kuisoma ilikuwa imeshaenda. Kosa lenyewe ni kuweka wakati mara mbili. Did imeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinarudi utupu wake: I did not complete, did you complete? Ukisahau, jiulize kwa Kiswahili: kanusha "nilipika". Unasema "sikupika", husemi "sikulipika", si ndio? Ile li imeondoka kwa sababu ku imeshika kazi yake. Did ndiyo hiyo ku. Na does vilevile inanyang'anya s: she does not cook. Ukiandika "she doesn't cooks" usiniambie umesoma somo hili.

Hatua ya 6. Nimepika: I have cooked, she has cooked. Onyo: sisi tunasema "amefika jana" na dunia haianguki, ila have haikai na yesterday. Ukitaja wakati uliokwisha, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 7. Kinachoendelea: am/is/are cooking, was/were cooking.

Hatua ya 8. Hali nyingine. Amri: Cook! Don't cook! Ningepika: I would cook. Na ile ya "napendekeza apike" ni I suggest that she cook, bila s, msinisahihishe, hiyo ndiyo sahihi.

MASWALI

kobe_mwendo: Mkuu kwahiyo uliopita wa go ni goed?

Mleta somo: Aya ya kwanza.

kobe_mwendo: Sijaiona

Mleta somo: Ipo juu ya hatua ya 1, haijahama.

BintiKalamu: Asante kwa somo. Stop imedabo p, mbona visit ni visited na t moja, halafu prefer ni preferred? Nimekaa nazo nusu saa.

Mleta somo: Swali zuri hili, nililiruka makusudi nikaona litawachosha watu. Neno la silabi mbili sikiliza mkazo uko wapi. VIsit mkazo uko mwanzo, hudabo. PreFER uko mwisho, unadabo. Sisi inatupiga chenga kwa sababu Kiswahili mkazo karibu siku zote uko silabi ya pili kutoka mwisho, hatuna mazoea ya kuutafuta.

jicho_la_tai: Basi travel mkazo uko mwanzo na watu wanaandika travelled. Somo lina kasoro.

Mleta somo: Halina kasoro, ni Waingereza na l yao, wanaidabo hata mkazo usipokuwepo. Marekani ni traveled. Chagua upande mmoja ubaki nao barua nzima.

BintiKalamu: Na "ningetaka ningepika"? Niliandika If I would want I would cook, nikakatwa.

Mleta somo: Umeihamisha nge yetu mara mbili. Wao upande wa if wanaweka umbo la uliopita: If I wanted, I would cook. Ingawa hujaongelea jana wala juzi.

mzee_wa_redio: Niongeze la matamshi, maana watu wanasema "wokedi". Shika koo utamke sauti ya mwisho ya kitenzi. Koo lisipotetemeka, kama k ya walk, -ed inakuwa t: wokt. Likitetemeka, kama play, inakuwa d. Kitenzi kikiishia sauti ya t au d, hapo tu ndipo unaongeza silabi, kama wanted: wontid.

Mleta somo: Hii sikuiweka, shukrani mzee.

kobe_mwendo: Nimeshika koo nikasema stop, kimya kabisa. Kwahiyo ni stopt?

mzee_wa_redio: Ndiyo hiyo. Kuandika ubaki na stopped.